Tangi Kubwa la Samaki Nyamiaga: Ujenge Lipi, kwa Gharama Gani?

Sato anayefika sokoni Ngara amekwisha kulipiwa mengi njiani: barafu, gari, na mchuuzi anayemwuzia mchuuzi mwenzake. Anayebeba jumla yote ni mama anayemnunua jioni kwa ajili ya watoto. Ndiyo maana kaya nyingi za mjini na vijiji vya jirani zinauliza kama samaki hawezi kukua nyumbani, nyuma ya jiko, karibu na migomba. Anaweza. Ila mwenye shamba bondeni na mwenye kiwanja kilimani Nyamiaga, hapa Ngara, hawawezi kupewa jibu moja.

Makala haya yanalinganisha njia tano za kujenga bwawa au tangi la samaki kwa mikono yetu na mafundi wetu. Msimamo wangu nautoa mapema: pesa ya kujenga ndiyo inayoogopwa na wengi, lakini ndiyo ndogo. Zinazomaliza mfuko ni chakula, maji na umeme, na kwa Nyamiaga inaongezeka baridi. Tangi linalofaa ni lile linalopunguza hizo nne kwa muda wote utakaofuga.

Bei za saruji, turubai na nondo hupanda na kushuka, na za Ngara Mjini si za Mwanza wala Kahama. Kwa hiyo nimeandika vipimo: mita za mraba, mifuko, uniti, madumu. Ingia dukani na orodha yako, uzidishe kwa bei ya siku hiyo. Bei ya shilingi niliyoitegemea ni ya umeme, kwa kuwa hiyo imepangwa kitaifa.

Chagua samaki kabla ya tangi

Sato anapendwa sokoni na hali chakula ghali kama kambare, kwa sababu hula mimea midogo ya majini na huridhika na chakula chenye protini ya asilimia 28 hadi 32. Udhaifu wake ni hewa. Ukimjaza tangini na mashine ya hewa ikazimika usiku, asubuhi utakuta wameelea.

Kambare ana kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Unaweza kuwaweka wengi mahali padogo, na umeme ukikatika kwa saa kadhaa watavumilia. Lakini chakula chake kinahitaji protini ya asilimia 35 hadi 40 na zaidi. Tena wakubwa huwala wadogo, kwa hiyo kila baada ya wiki chache lazima uwachambue kwa ukubwa. Kabla hujaagiza vifaranga, ulizia wanunuzi pia: jirani zetu Waadventista Wasabato, kwa mfano, hawali samaki asiye na magamba.

Wako pia wanaoona kwenye simu matangi ya matumbawe yanayong'aa, wakauliza kama nayo yanaweza kufugwa huku. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Tangi la lita 20,000 lingetaka kilo 700 za mchanganyiko maalumu wa chumvi ya bahari kwa kulijaza mara moja tu, na chumvi ya jikoni haifai. Matumbawe yanataka joto la nyuzi 24 hadi 28 mchana na usiku, mwanga mkali na maji yasiyo na uchafu kabisa, nasi tuko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka pwani. Biashara yake ya kimataifa nayo ina masharti, kwani matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha 2 cha mkataba wa CITES. Hata wenye bahari hawahangaiki na matangi. Jambiani, Unguja, shirika la Marine Cultures limeotesha matumbawe baharini penyewe, na wanakijiji wa Wasini, Kenya, wamefanya hivyo pamoja na taasisi ya utafiti ya KMFRI. Bahari inawapa bure joto, chumvi na mkondo. Nasi Ngara tutazame tunachopewa bure: udongo wa mfinyanzi bondeni, mvua za misimu miwili, na migomba inayopokea maji machafu ya samaki kwa furaha.

Kipimo cha kulinganishia

Ili ulinganisho uwe wa haki, kila tangi hapa lina ujazo wa karibu lita 20,000, yaani mita za ujazo 20. Ukubwa huo unaweza kukuza kilo 200 za kambare kwa mkupuo kwa uangalizi mzuri. Bwawa la udongo pekee nimelipima kwa ukubwa wake wa kawaida, kwa sababu bwawa dogo la udongo halilipi.

1. Bwawa la udongo bondeni

Bwawa la mita 10 kwa 20 lenye kina cha wastani cha mita moja linabeba lita 200,000, mara kumi ya kila tangi linalofuata. Gharama yake kubwa ni vibarua. Huchimbi ujazo wote: unachimba karibu nusu, na udongo uliotoka unaushindilia kuwa kingo. Zaidi ya hapo ni bomba la kuingizia maji, bomba la kutolea, na wavu wa kuzuia vyura na kambare wa mtoni.

Kabla ya jembe la kwanza, pima udongo. Chimba hadi kina cha kiuno, chukua udongo wa chini, uloweshe, ufinyange donge kama ngumi, ulirushe juu na kulidaka. Likibaki zima, una mfinyanzi wa kutosha. Kisha jaza lile shimo maji jioni na ulifunike kwa majani ya mgomba. Asubuhi maji yatakuwa yamepungua kwa kuwa udongo umekunywa. Jaza tena, na siku inayofuata yakibaki mengi, mahali hapo panafaa. Kama yamekauka, usibishane na ardhi.

Bwawa hili halihitaji umeme. Ukiweka samadi kwa kiasi, maji yanageuka kijani na sato anapata sehemu ya chakula chake humo. Panda sato 2 au 3 kwa mita ya mraba, yaani 400 hadi 600 kwa bwawa zima.

Gharama iliyojificha ni ya kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au chanzo cha maji. Mabonde yetu ni membamba, na mita 60 zinaweza kumeza shamba zima. Ukichepusha maji ya kijito, unahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria chini ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009. Mwite afisa uvuvi na afisa mazingira wa halmashauri waone eneo kabla hujalipa kibarua hata mmoja. Bwawa lililofukiwa kwa amri ni ghali kuliko tangi lolote.

2. Shimo lenye karatasi

Mwenye kiwanja kilimani, ambako udongo unanyonya maji, anaweza kuchimba shimo na kulitandika karatasi nzito ya plastiki ya bwawa. Chukua shimo la mita 4 kwa 6 juu, kuta zimelala kidogo, maji yakiwa na kina cha mita moja: linabeba karibu lita 19,000. Karatasi hupimwa hivi: urefu, jumlisha kina mara mbili, jumlisha mita moja ya kufukia pembeni. Kwa shimo lenye kina cha mita 1.2, unapata mita 9.4 kwa 7.4, takriban mita za mraba 70.

Dukani usiulize rangi, uliza unene. Karatasi ya mikroni 500 ni nafuu, lakini jiwe moja au mzizi mmoja unaitoboa. Ya mikroni 750 hadi 1,000 inaweza kudumu miaka kumi ikifukiwa vizuri pembeni na jua lisiipige kavu. Chini yake tandika mchanga wa sentimita tano au magunia chakavu. Anayebana pesa kwenye magunia huzilipa baadaye kwenye viraka.

Faida kubwa ya njia hii kwa Nyamiaga ni joto. Maji yamezungukwa na udongo, na udongo haupoi haraka usiku. Hasara yake ni kutoa maji: kilimani unaweza kupitisha bomba la chini hadi kwenye migomba iliyo mteremkoni, lakini pasipo mteremko utavuta maji kwa pampu au ndoo.

3. Tangi la duara la turubai

Tangi hili linapendwa kwa sababu hujengwa kwa siku mbili na mpangaji anaweza kulihamisha. Kwa wazee wa Ngara halipaswi kuonekana geni. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa kambi ya Benaco, Oxfam walisambaza maji huko, na matangi ya dharura ya shirika hilo ni mabati ya mikunjo yaliyofungwa duara kwa bolti, ndani yana mfuko wa mpira. Tangi la samaki la leo linafuata kanuni hiyohiyo.

Kwa kipenyo cha mita 5 na maji ya mita moja, unapata lita 19,600. Mzunguko wake ni mita 15.7, kwa hiyo nunua mita 16.5 za wavu mzito wa chuma au mabati, ili ncha zipishane vya kutosha. Turubai liwe mita 8 kwa 8, yaani mita za mraba 64. Turubai liwe la PVC nzito la gramu 650 au zaidi kwa mita ya mraba. Lile jepesi la kufunikia mizigo litachanika juani kabla hujavuna mara ya pili.

Kagua mambo mawili kwa macho yako. La kwanza ni pale ukuta unapoungana. Maji ya mita moja ndani ya duara hili yanavuta kiungio hicho kwa nguvu ya zaidi ya tani moja, mchana na usiku, miaka yote. Vifungo vya waya mwembamba havitoshi. Taka bolti, au nondo zilizosukwa kupita ukuta wote. La pili ni ncha za wavu. Pitisha kiganja upande wa ndani, kuanzia chini hadi juu. Kila ncha inayokwaruza ngozi yako itatoboa turubai lako. Zikunje kwa koleo, kisha zungushia viroba chakavu kabla ya kutandika.

Umbo la duara linajilipa kwenye usafi. Ukiingiza maji kwa pembeni yanazunguka, na uchafu unajikusanya katikati kwenye bomba la kutolea. Bomba hilo lipite chini na kuinuka nje ya tangi hadi usawa wa maji unaoutaka. Ukililaza kwa dakika moja asubuhi, linatoa uchafu wa chini badala ya maji safi ya juu. Hasara ni baridi: ukuta wa turubai unapigwa na upepo pande zote. Lizamishe nusu ardhini, au lizungushie ukuta wa udongo na majani.

4. Tangi la saruji

Hili ni la mwenye kiwanja chake na nia ya miaka mingi. Kwa tangi la mita 4 kwa 5, ukuta wa mita 1.2, andaa matofali ya inchi 6 yapatayo 210. Sakafu ya zege ya sentimita 10 inakula karibu mifuko 15 ya saruji, plasta ya ndani mifuko 8, kujengea mifuko 4 au 5. Ongeza nguzo, mkanda wa juu na saruji ya kufyatulia matofali, na usishangae ikifika mifuko 35. Mchanga, kokoto, nondo na fundi ni juu ya hapo.

Fundi wa nyumba si lazima awe fundi wa tangi. Nyumba inabeba uzito wa juu kwenda chini, tangi linasukumwa kwenda nje. Kwenye ukuta wa mita 5, maji ya mita moja yanasukuma kwa nguvu ya karibu tani mbili na nusu. Muulize fundi nondo za nguzo zinaingiaje kwenye sakafu na mkanda wa juu unafungwaje kwenye kona. Asipoeleza bila kusita, tafuta mwingine. Kama yupo anayeweza kujenga duara, mpe: duara halina kona za kupasuka wala za kukusanya uchafu, na linatumia ukuta mfupi kwa ujazo uleule.

Saruji mpya inatoa chokaa na kuua vifaranga. Ipe siku 28 ikiwa na unyevu, kisha jaza maji, acha siku kadhaa, mwaga, rudia mpaka kipimo cha pH kishuke chini ya 9. Maji hayo ya kwanza usiyamwage kwenye miche. Gharama ya muda huu iingize kwenye hesabu, kwa sababu ni mwezi na zaidi bila samaki.

5. Makontena ya lita 1,000

Makontena ya plastiki yenye fremu ya chuma yanavutia kwa kuwa unanunua moja leo na jingine mwezi ujao. Lakini kufikia lita 20,000 unahitaji 20, na kila moja linataka koki yake, mpira wake wa hewa na kazi ya kuliosha. Tena kila maji yanapogawanywa kidogo kidogo ndivyo yanavyopoa haraka. Kabla ya kununua, tafuta lebo ya kilichokuwemo. Lililobeba dawa ya shamba au kemikali za kiwandani liache hata likiwa bei ya kutupa. Mimi ningenunua mawili tu, ya kulelea vifaranga na kutenga wagonjwa, na fedha iliyobaki ningeipeleka kwenye tangi moja kubwa.

Maji: hesabu ya madumu

Kambare wenye jumla ya kilo 150 wanakula karibu kilo 3 kwa siku. Kwa chakula hicho cha protini nyingi, wanatoa zaidi ya gramu 100 za amonia kila siku, na kwenye lita 20,000 hiyo ni sumu ya kutosha kuwadhoofisha ndani ya siku chache. Njia ya kwanza ya kuiondoa ni kubadilisha maji. Asilimia 20 kwa siku ni lita 4,000, yaani madumu 200 ya lita 20. Hakuna kaya kilimani inayoweza kubeba hayo, na kwa bili ya bomba faida itaisha.

Njia ya pili ni chujio la mapipa mawili ya lita 200. Pipa la kwanza linatuliza uchafu mzito, unaofunguliwa kila siku kwenda kwenye migomba. La pili lijaze vifuniko vya chupa, vipande vya mabomba au kokoto. Juu yake watakaa bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao wanachukua wiki 4 hadi 6 kuenea, na kwenye baridi yetu hata zaidi. Kwa hiyo washa chujio mapema, anza na samaki wachache, ongeza polepole. Chujio likishika kazi, maji ya kubadilisha kila siku yatapungua.

Maji ya kujazia yachukue kwenye paa. Bati la mita za mraba 60 linapokea lita 1,200 kwa mvua ya milimita 20, na hata ukipoteza kiasi unabaki na lita 1,000. Mvua za kuanzia Septemba hadi Desemba zinaweza kulijaza tangi lote. Maji ya dakika za kwanza yapishe yaende zake, maana yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Ya bomba yenye dawa yaache wazi siku moja au mbili kabla ya kuyatia.

Umeme: uniti 75 ndizo zinazoamua

Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Mteja mdogo wa nyumbani, kundi la D1, analipa takriban shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizoea kuzidi, anahamia kundi la T1, na uniti inakuwa takriban shilingi 356.

Chukua nyumba inayotumia uniti 30 kwa mwezi. Bili yake ni shilingi 3,660. Ikiongeza mashine moja ya hewa ya wati 60 inayofanya kazi saa 24, ambayo inakula uniti 43 kwa mwezi, jumla inakuwa 73 na bili takriban shilingi 8,930. Ikiongeza na pampu ya maji ya wati 60, jumla inafika uniti 116. Sasa nyumba nzima iko T1, na bili ni takriban shilingi 41,400. Pampu moja ya pili imeongeza zaidi ya shilingi 32,000 kwa mwezi, kwa sababu imepandisha bei ya kila taa na kila chaji ya simu.

Dawa yake ni kuiacha mashine ya hewa ifanye kazi zote mbili. Mapovu yakipulizwa ndani ya bomba lililosimama majini yanainua maji, lakini kwa sentimita chache tu. Kwa hiyo mapipa ya chujio yazamishwe ardhini au yainuliwe mpaka maji yake yawe usawa mmoja na ya tangi. Fundi akiyaweka mita moja juu, atakulazimisha kununua pampu. Mashine hiyo moja inatosha kambare. Sato hawatapata hewa ya kutosha kwa wingi huo. Kwao usizidi kilo 3 au 4 kwa mita ya ujazo, yaani kilo 60 hadi 80 kwa tangi zima.

Umeme wa Ngara umeimarika, na maporomoko ya Rusumo yaliyo mlangoni petu sasa yana mtambo wa megawati 80 tunaogawana na Rwanda na Burundi. Kukatika hakujaisha, hata hivyo. Betri ndogo ya akiba ni sehemu ya gharama ya kila tangi isipokuwa bwawa la udongo.

Baridi ya Nyamiaga

Sato na kambare wanakua vizuri maji yakiwa nyuzi 26 hadi 30. Chini ya 20 wanakula kidogo na kukua kwa shida. Nyamiaga iko vilimani, na usiku wa Juni na Julai unajulikana. Anayekuahidi mavuno ya miezi sita amesoma hesabu za Mwanza au pwani. Weka miezi minane hadi kumi katika mpango wako, na ukivuna mapema ushukuru.

Kila kinachohifadhi joto kinapunguza muda huo: kuzamisha tangi ardhini, kufunika juu kwa nailoni angavu usiku na miezi ya kiangazi baridi, kuacha maji mengi mahali pamoja. Nunua kipimajoto kabla ya vifaranga. Pima nacho asubuhi na alasiri kwenye ndoo kubwa iliyokaa pale utakapojenga, kwa wiki moja, upate picha ya mahali penyewe.

Chakula na vifaranga

Kukuza kilo 200 za kambare kunataka karibu kilo 280 za chakula kizuri. Tofauti ya shilingi 500 tu kwa kilo ni shilingi 140,000. Chakula kinachoelea ni ghali, lakini unaona wanapoacha kula na unaacha kutupia. Mchanganyiko wa nyumbani wa dagaa, mashudu na pumba ni nafuu, ila unaozama huchafua maji na kuchosha chujio. Bwawa la udongo linaumudu, tangi haliupendi.

Vifaranga nunua panapojulikana. Serikali ina kituo cha ukuzaji viumbe maji Rubambagwe, Chato, na gari linaweza kuja nao kupitia Biharamulo, Lusahunga na Nyakahura wakiwa kwenye mifuko iliyojazwa oksijeni. Wasafirishe usiku au alfajiri, na mfuko uelee ndani ya tangi nusu saa kabla ya kuufungua.

Hesabu ya mwaka

Gawa bei ya ujenzi kwa miaka ya kudumu. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, shimo la karatasi limekugharimu 1,200,000 na litadumu miaka 8: ni 150,000 kwa mwaka. Tangi la turubai la 1,500,000 likidumu miaka 5 ni 300,000. Tangi la saruji la 3,000,000 likidumu miaka 15 ni 200,000. Lililoonekana ghali kuliko yote limekuwa la katikati.

Sasa weka umeme pembeni yake. Mashine moja inaiongezea nyumba yetu ya mfano takriban shilingi 63,000 kwa mwaka. Mashine mbili, takriban 453,000. Uamuzi wa mahali pa kuweka mapipa ya chujio umezidi uamuzi wa saruji au turubai.

Nani achague lipi

Mwenye shamba bondeni, nje ya mita 60, udongo ukishika maji: achimbe bwawa la udongo na afuge sato. Hakuna njia yenye gharama ndogo kwa kilo.

Mwenye kiwanja chake kilimani, mwenye bati na umeme: achimbe shimo la karatasi nene, aweke chujio la mapipa na mashine moja ya hewa, afuge kambare. Hili ndilo pendekezo langu kwa kaya nyingi za Nyamiaga.

Mpangaji: tangi la duara la turubai, lililozungushiwa kinga ya baridi. Akihama analikunja.

Kikundi cha vijana au akina mama chenye eneo la kudumu na soko la uhakika: tangi la saruji la duara. Wapitie halmashauri kuuliza mikopo ya asilimia 10 iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na waende na orodha ya vipimo mkononi.

Asiye na chanzo cha maji cha uhakika wala paa la bati asianze na tangi lolote. Aanze na gata na tangi la kuvunia mvua. Maji hayo yatamfaa nyumbani hata kabla ya samaki, na msimu ujao atakuwa na kitu cha kuwatilia.

Na kwa wote: mwaka wa kwanza panda nusu ya samaki ambao tangi lako linaweza kubeba. Utatumia chakula kidogo, chujio litapata muda wa kukomaa, na kosa litakugharimu nusu. Ukivuna salama, mwaka wa pili jaza tangi.